Saa arobaini za wiki: mwongozo kamili wa mwaka wa kwanza chuoni

Siku ya kwanza ya wiki ya maelekezo ukumbi hufurika mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Siku ya tatu viti vitupu vinawazidi watu. Wengine wameshuka Kariakoo kutafuta ndoo na godoro, wengine bado wamelala, na waliobaki wanasinzia huku mtu wa maktaba akieleza namna ya kuazima kitabu. Mimi nilikuwa kwenye kundi la ndoo. Miaka kadhaa baadaye nikapewa kusimamia semina za mwaka wa kwanza, na kila mwaka niliwaona wale wale: vijana waliotoka kidato cha sita na divisheni wani, wanaopigwa na test ya kwanza mpaka wanaanza kutilia shaka akili zao. Akili walikuwa nazo. Hakuna aliyewaambia tu kwamba ratiba ya chuo inaonyesha nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haina kengele.

Nitatumia mfano wa Tanzania, na pale kanuni zinapohitajika nitashika za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama uko Dodoma, Mzumbe, Sokoine au kwingine, kitabu cha kanuni cha chuo chako ndicho chenye neno la mwisho.

Kabla ya kupanda basi

Hapa sitakaa sana. Beba vyeti halisi, na nakala zake tano au sita zilizothibitishwa. Beba cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, na risiti za malipo uliyofanya kwa kontroo namba. Piga picha ya kila karatasi, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu simu huibiwa Ubungo kila siku na begi husahaulika kwenye basi. Kama umepata mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), jua kwamba fedha ya chakula na malazi hutoka kwa awamu, na bila kusaini hulipwi. Njoo na pesa ya kukutosha mwezi mmoja kabla bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, halijatoka. Anayekuja na nauli tu huanza chuo kwa kukopa, na deni la wiki ya kwanza hukaa kichwani mpaka wiki ya test.

Hatua ya kwanza: toka kwenye wiki ya maelekezo na vitu vinne

Hotuba za ukaribisho unaweza kuzisikiliza kwa sikio moja. Vitu hivi usivikose.

Cha kwanza ni usajili wa kozi kwenye mfumo wa chuo. Kulipa ada na kuhudhuria darasani hakutoshi. Kozi isiyoonekana kwenye akaunti yako ni kozi ambayo hukusoma, hata kama ulikaa mstari wa mbele semista nzima. Sajili za lazima, chagua za hiari, kisha ingia tena baada ya siku mbili uhakikishe zote zipo. Chapisha ukurasa huo uuhifadhi. Kuna tarehe ya mwisho ya kuongeza na kuondoa kozi; iandike ukutani.

Cha pili ni maktaba. Ingia kwa miguu yako, uliza jinsi ya kutafuta kitabu kwa namba yake ya rafu, uliza kipo wapi chumba cha vitabu vya akiba ambavyo haviruhusiwi kutoka, na uliza jinsi ya kufungua majarida ya mtandaoni ambayo chuo kimeyalipia. Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2018, na bado utakutana na mtu wa mwaka wa tatu ambaye huenda humo kuchaji simu.

Cha tatu ni watu. Jua sura ya mratibu wa shahada yako, jua ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi iko wapi na mshauri nasaha anapatikana lini, jua zahanati. Utazihitaji ofisi hizi siku ambayo huna nguvu ya kuzitafuta.

Cha nne ndicho kikubwa: kitabu cha kanuni za mitihani. Nina hakika hakuna karatasi inayopuuzwa chuoni kama hii, na hakuna inayoamua maisha ya watu kama hii.

Hatua ya pili: isome hesabu ya alama kabla haijakusoma wewe

Dar es Salaam, alama za kozi nyingi hugawanyika hivi: 40 ni za kazi za semista, yaani test, semina na kazi za kuandika, ambazo wenyewe tunaziita kosiweki, 60 ni za mtihani wa mwisho, yaani UE. A inaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Chini ya 40 hujafaulu, una sapu, yaani mtihani wa marudio.

Mwanafunzi mpya akiona A inaanzia 70 hufurahi, kwa kuwa shuleni alizoea kupata 85. Subiri aone zinavyotolewa.

Kila daraja lina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, yaani uzito wake. Chukua mfano wa kozi tatu. Ya krediti 12 umepata A, hizo ni 60. Ya krediti 8 umepata B, hizo ni 24. Ya krediti 10 umepata C, hizo ni 20. Jumla 104, gawanya kwa krediti 30, unapata 3.47. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Umelikosa kwa unywele. Ile kozi ya krediti 10 ingekuwa B tu badala ya C, ungekuwa na 3.8. Kwa hiyo ukipanga muda wako, tazama krediti kwanza. Nimeona watu wakikesha kwa ajili ya kozi ya krediti 8 wanayoipenda, huku kozi ya krediti 12 wanayoiogopa ikizama taratibu.

Tafuta pia kwenye kitabu hicho majibu ya maswali haya: chini ya alama ngapi za kosiweki huruhusiwi kuingia UE? Ukiugua siku ya mtihani unafanya nini? Sapu ngapi zinakudisko, yaani zinakuondoa chuoni? Andika majibu kwa maneno yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya tatu: tafuta saa zilizofichwa

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, 600 kwa semista. Zigawe kwa wiki 15 za masomo: saa 40 kwa wiki. Ni kazi ya ofisini kamili, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa chukua ratiba uliyobandikiwa ukutani uhesabu vipindi. Tuseme mihadhara, semina na maabara vimefika saa 18. Zimebaki 22. Hizo hazina chumba, hazina mhadhiri, na hakuna atakayekuuliza zimekwenda wapi. Shuleni kulikuwa na prepu na mwalimu wa zamu akipita dirishani. Chuoni mwalimu wa zamu ni wewe.

Chora jedwali la wiki la siku saba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku. Jaza kwanza vipindi. Kisha jaza yale yasiyokwepeka: ibada, kufua, kupika, na safari. Aliyepanga geto nje ya chuo ahesabu foleni kwa ukweli, si kwa matumaini. Nafasi zilizobaki zipe majina. Usiandike "kusoma", andika "kusoma sura ya 3 ya uchumi, saa nane hadi saa kumi, maktaba". Nafasi isiyo na jina italiwa na stori za varanda.

Saa bora ni zile za katikati ya vipindi, mchana. Kipindi kimeisha saa nne na kinachofuata ni saa nane: ukirudi chumbani umelala, ukienda moja kwa moja maktaba umepata saa tatu na muda wa kula. Wanaopiga msuli wa usiku kucha huonekana mashujaa, lakini usingizi ndio muda ambao ubongo hupanga ulichosoma, na kesho yake wanalala kwenye mhadhara ambao ungewaokolea saa mbili. Kama wewe ni mtu wa usiku kweli, sawa, ila lala saa zako saba mahali fulani.

Hatua ya nne: ingia kwenye mhadhara ukiwa na kalamu

Watu mia tatu, kipaza sauti kinakoroma, mhadhiri anakwenda mbio kwa Kiingereza, na CR, mwakilishi wa darasa, ameshaahidi kutuma slaidi kwenye grupu la WhatsApp. Kishawishi ni kuweka kalamu chini. Lakini slaidi ni mifupa. Nyama ni anayosema mhadhiri kwa mdomo, na mtihani hutungwa kutoka kwenye nyama.

Walter Pauk, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alibuni katika miaka ya 1950 namna ya kuandika noti ambayo sijaona iliyoizidi kwa urahisi. Piga mstari wima, sentimita sita hivi kutoka ukingo wa kushoto. Acha nafasi ya vidole vitatu chini ya ukurasa. Upande mpana wa kulia ndipo unapoandika wakati wa mhadhara, kwa vifupisho vyako. Upande mwembamba wa kushoto unabaki mtupu mpaka jioni. Ndipo unaandika maswali ambayo noti za kulia zinayajibu. Chini kabisa, sentensi mbili au tatu za muhtasari. Siku ya kurudia, unafunika kulia kwa karatasi, unasoma swali la kushoto, unajibu kwa sauti.

Nyongeza yangu kwa msomaji wa Kiswahili: maswali ya kushoto yaandike kwa Kiswahili. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukavushwa kwenda Kiingereza kidato cha kwanza, na tukajifunza kuficha kutoelewa nyuma ya sentensi tulizokariri. Ukishindwa kuuliza jambo kwa lugha ya nyumbani, hujalielewa. Kisha weka daftari dogo la istilahi: neno lilivyo kwenye kozi, maana yake kwa Kiswahili chako, na sentensi moja ya mfano kwa Kiingereza. Maneno matano kwa wiki kwa kila kozi yanatosha. Ndani ya daftari hilo hilo, tofautisha vitenzi vya mtihani. Ukiambiwa "taja", orodha inatosha. Ukiambiwa "jadili", wanataka pande mbili na msimamo wako. Ukiambiwa "linganisha", kueleza kitu kimoja kisha kingine ni nusu ya jibu. Nimesahihisha karatasi nzuri kabisa zilizojibu swali ambalo halikuulizwa.

Hapa ndipo kozi ya stadi za mawasiliano inapoingia. Wazo la kumfundisha mwanafunzi mpya namna ya kuwa mwanafunzi lina umri: Chuo Kikuu cha South Carolina kilianzisha kozi yake ya University 101 mwaka 1972, miaka miwili baada ya vurugu za wanafunzi kukitikisa chuo, na vyuo vingi vikaiga. Kwetu mzigo mkubwa wa kazi hiyo umewekwa kwenye stadi za mawasiliano, ambayo wanafunzi huiona kozi ya kupitisha muda. Itumie kama karakana. Ukiambiwa ufupishe makala, fupisha makala ya kozi yako kuu. Ukiambiwa uandike insha yenye marejeo, chagua mada ya semina utakayowasilisha wiki ijayo. Kazi moja, faida mbili, na mtu wa kukusahihisha yupo.

Hatua ya tano: soma kitabu kwa maswali

Francis Robinson, mwanasaikolojia Mmarekani, alipendekeza mwaka 1946 utaratibu wa hatua tano: pitia haraka, jiulize, soma, jisimulie, rudia. Tuufanyie kazi kwa sura inayohusu Azimio la Arusha kwenye kozi ya maendeleo.

Dakika tano za kwanza usisome. Pitia vichwa, majedwali, aya ya mwisho. Kisha geuza kila kichwa kuwa swali: kwa nini Februari 1967 na si 1961? Miiko ya uongozi ililenga nani? Benki zilitaifishwa kwa hoja gani? Sasa soma sehemu moja tu ukitafuta jibu. Funga kitabu, jisimulie jibu kama unamweleza mdogo wako. Umekwama? Fungua, tazama pale ulipokwama tu, funga tena. Ukimaliza sura, rudi kwenye maswali yote. Mara ya kwanza utaona ni polepole mno. Kurasa kumi kwa namna hii zinazidi kurasa arobaini za kupaka rangi ya njano.

Hatua ya sita: funga daftari

Kuna msemo wa mabwenini: msuli tembo, matokeo sisimizi. Nilikuwa mfano hai. Test ya kwanza ya mwaka wa kwanza nilisoma noti zote mara nne, nikaingia chumbani najiamini, nikatoka na 11 juu ya 40. Nilidhani mhadhiri ananichukia.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichapisha jaribio linaloeleza kilichonikuta. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala fupi mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika kila walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojijaribu walikuwa na 61.

Kurudia kusoma hukupa hisia ya kujua. Maandishi yanakuwa sura uliyoizoea, kama jirani unayemsalimia kila siku bila kujua jina lake.

Basi fanya hivi. Jioni ya siku ya mhadhara, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kwa dakika kumi, ndipo ufungue daftari uone ulichoacha. Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Kila mara unaanza na karatasi tupu. Kwa kozi za hesabu, karatasi tupu ni swali lenyewe: funika suluhisho, tatua, kisha linganisha hatua kwa hatua. Kutazama swali lililotatuliwa ukatikisa kichwa "ndiyo, ndiyo" ni kurudia kusoma kwa jina lingine.

Itakuuma. Utahisi hujui chochote. Hisia hiyo ni bora uipate chumbani kwako kuliko chumba cha mtihani.

Diskasheni, madesa na kazi za kikundi

Kikundi cha diskasheni kiwe na watu wanne au watano. Cha kumi ni mkutano wa hadhara. Kila mtu aje amesoma, apewe swali moja la kueleza bila daftari. Mzunguko wa kwanza elezaneni kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke. Mzunguko wa pili yule yule alieleze kwa Kiingereza, kwa sababu UE haitakuja kwa Kiswahili. Mkimaliza saa moja na nusu, tawanyikeni.

Madesa, yale mafurushi ya nakala yanayorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka, si haramu. Yatumie kama pasti pepa, ile mitihani ya miaka iliyopita: kujua nini huulizwa. Shida ni kuyafanya kitabu, maana makosa ya aliyeyaandika nayo yanarithiwa.

Kazi za kuandika ni habari nyingine. Aya uliyonakili bila kutaja chanzo, ya mwenzako au ya mashine ya kujibu maswali, inaweza kukufikisha kwenye kamati ya nidhamu, na vyuo vina programu za kuikamata. Andika chanzo papo hapo unapochukua hoja: mwandishi, mwaka, ukurasa. Ukingoja mpaka usiku wa kukusanya, hutakikumbuka. Kwenye kazi ya kikundi, gawaneni sehemu siku ya kwanza na mziandike kwenye grupu. La sivyo karatasi ya mbele itakuwa na majina kumi na kazi ya watu wawili, nawe utakuwa mmoja wa hao wawili.

Baada ya test ya kwanza

Hii ndiyo siku ya maana kuliko zote za semista, nayo wengi huitumia kulia au kushangilia. Chukua karatasi yako, pitia kila alama iliyopotea, uiandikie sababu: sikujua, nilijua nikasahau, sikuelewa swali, muda uliisha. Kila sababu ina dawa yake, na zote zimeshatajwa hapo juu.

Kisha nenda kwa mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi. Watu huogopa mlango huo bure. Gonga, "Shikamoo Dokta", taja jina, kozi na mwaka wako, kisha swali moja lililo tayari: "Swali la pili nilieleza sababu tatu nikapata alama tatu juu ya kumi. Naomba kuelewa nilichopungukiwa." Usiende kusema "naomba uniongeze alama". Ukiandika barua pepe, weka kozi na namba ya usajili kwenye kichwa cha habari, na usitume saa saba usiku ukitegemea jibu asubuhi.

Wiki za mwisho, na zikiharibika

Wiki tatu kabla ya UE tafuta pasti pepa za miaka mitatu hivi. Fanya moja kamili kwa saa kama ya mtihani, mezani, simu ikiwa imezimwa. Panga kozi kwa krediti na kwa udhaifu wako, nzito na dhaifu zianze. Usiku wa kuamkia mtihani andaa kitambulisho, kalamu mbili, namba ya chumba, kisha ulale.

Ukiugua, nenda hospitali kabla ya mtihani na upeleke cheti ofisini ukiomba kuahirisha. Cheti kinacholetwa baada ya matokeo mabaya husomwa kwa jicho jingine. Ukifiwa, fanya vivyo hivyo, maandishi kwanza. Na sapu ikikukuta, angalia mapema kanuni inasemaje kuhusu daraja lake; kwa kawaida haivuki C hata ukipata 90, kwa hiyo lengo ni kuvuka tu. Omba kuiona karatasi yako au uonane na mhadhiri kabla hujasafiri likizo, ubebe noti za kozi hiyo, na uzipangie saa tatu kila siku. Nyumbani waambie ukweli mapema. Usipowaambia, siku ya sapu utatumwa sokoni.